Dawa ya Mbwa Isidhuru Nyumba
Maoni ya Karani wa Ofisi ya Kilimo

Mwezi uliopita mkulima mmoja wa skimu yetu alifika ofisini na kibiriti kitupu mkononi. Ndani yake mlikuwa na vidonge. Mbwa wake, mlinzi wa boma, ana saratani ya tezi, na daktari wa mifugo alimpa dawa iitwayo siklofosfamaidi. "Bwana Karani," akasema, "mbwa hataki kumeza. Tunaponda vidonge na kuchanganya na ugali. Je, ni vema?"

Nikamwuliza nani anayeponda. Akajibu, "Mama watoto." Mama huyo ni mja mzito.

Ndugu wakulima, kumtibu mbwa aliyelinda ng'ombe wako ni jambo la haki. Lakini dawa ya saratani si kama dawa ya minyoo. Kazi yake ni kuua chembe za mwili zinazoongezeka upesi, wala haibagui chembe za mbwa na za mtu. Na nani akuaye upesi kuliko mtoto aliye tumboni?

Kwa hiyo naona yafaa kila nyumba ichague mtu mzima mmoja wa kutoa dawa hii. Asiwe mja mzito wala mama anyonyeshaye, na watoto wakae mbali. Avae glavu, kisha anawe mikono kwa sabuni kabla ya kushika chakula au kukamua. Kidonge kisipondwe wala kukatwa, maana kikiwa kizima ganda lake humkinga mshikaji. Kikipondwa, vumbi lake huruka. Kifichwe kizima ndani ya tonge dogo la nyama, na mtoaji asimame pale mpaka aone kimemezwa. Mbwa akitapika, au siku ikisahauliwa, usimwongezee kingine bila kumwuliza daktari.

Dawa hii hutoka kwa mkojo, nayo yaweza kuumiza kibofu. Mpe asubuhi, mwekee maji mengi, na mwache atoke mara kwa mara. Ukiona damu katika mkojo, au mbwa ana homa na hataki kula, mwarifu daktari siku ile ile. Kwa siku tatu baada ya kidonge, mkojo, mavi na matapishi yashikwe kwa glavu. Mavi yatupwe chooni, si katika shimo la mbolea. Mbwa asikojoe penye mboga au wanapocheza watoto.

Vidonge vikae katika chupa yake yenye maandishi, juu, mahali pa kufungwa, mbali na chakula. Vikibaki, mrudishie daktari, usitupe mtoni.

Wengine watasema, "Taabu yote hii kwa mbwa?" Nawajibu kwamba taabu hii si ya mbwa, ni ya watu wa nyumba yake. Mtu asiyeweza kuyatimiza haya amwambie daktari waziwazi, ili dawa itolewe kwake, au itafutwe njia nyingine ya kumpunguzia mbwa maumivu. Hapana aibu katika hilo. Aibu ni kumwokoa mlinzi wa boma na kuwadhuru wale anaowalinda.

Yule mkulima sasa anatoa vidonge mwenyewe. Kijiko kile amekitupa, na mkewe nimemshauri aende kwa mkunga aeleze yote.