Wingi wa Ndoanani Si Wingi wa Baharini

Miongoni mwa kazi zinazowapatia riziki watu wa bandari ndogo za Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, ni ile ya kuwachukua wageni baharini wakavue samaki kwa mshipi. Katika miezi ya joto, kwenye bandari kama St Ives, Mevagissey na Looe, nahodha huwapakia watu wachache, kwa kawaida wasiozidi 12, huwapeleka maili chache kutoka ufuoni, huwagawia mishipi na kuwafundisha namna ya kuitumia, na baada ya saa kadhaa huwarudisha nchi kavu kila mmoja akiwa na kitoweo chake. Wengi wao hawajapata kushika ndoana maishani. Samaki awafaaye watu wa namna hiyo ni kibua wa Atlantiki. Makala haya yanakusudia kutoa hoja moja juu ya kazi hiyo: kwamba urahisi wa kumpata samaki huyu ndio unaotupotosha kuhusu wingi wake, na kwamba nahodha anayewaongoza wageni hana budi kuwa wa kwanza kuhesabu, na wa kwanza kusema basi.

Jina la kibua tunalitumia hapa kwa sababu ya udugu. Samaki huyu, ambaye wanasayansi humwita Scomber scombrus, ni wa jamii moja na kibua wa pwani yetu ya Afrika Mashariki, Rastrelliger kanagurta. Na jamii hiyo ndiyo ya nguru na jodari pia. Mgongo wake una rangi ya kijani na buluu, wenye mistari myeusi ya kupindapinda, na tumbo lake ni jeupe la kung'aa. Hivyo ndege amtazamaye kutoka juu huona kiza cha maji, na adui amtazamaye kutoka chini huona mwanga wa mbingu. Hana kile kibofu cha hewa ambacho samaki wengi hukitumia kuelea. Akiacha kuogelea huzama. Tena hupumua kwa kwenda mbele akiwa amefunua kinywa, maji yakipita katika matamvua yake. Kwa ajili hiyo hapumziki maisha yake yote, na mwili usiopumzika huhitaji chakula kingi na oksijeni nyingi.

Bahari ya baridi humpa vyote viwili. Maji ya baridi yaweza kubeba oksijeni nyingi kuliko maji ya moto. Tena, katika majira ya baridi dhoruba huyakoroga maji na kuleta juu mbolea ya asili, yaani naitreti na fosfeti, iliyokuwa imekaa chini. Siku zinapoanza kurefuka, mimea midogo isiyoonekana kwa macho huongezeka kwa kasi. Wanyama wadogo, hasa wale waitwao kopepoda, huila mimea hiyo. Nao vibua huwala wanyama hao pamoja na samaki wachanga. Kati ya mwezi Machi na Julai vibua wengi hutaga mayai magharibi mwa Ufaransa, Uingereza na Ayalandi, pale ambapo sakafu ya bahari huanza kuteremka kwenda kilindini. Kisha hutawanyika kutafuta malisho, wengine wakisafiri hadi Bahari ya Norwei. Wale wanaosogea karibu na pwani ya Cornwall ndio wanaokutana na mishipi ya wageni.

Zana yenyewe ni sahili. Ni mshipi mmoja wenye chubwi mwishoni, na juu ya chubwi zimefungwa ndoana sita hivi, kila moja ikiwa imevikwa unyoya au kitu cha kung'aa badala ya chambo. Mgeni huuteremsha mpaka nahodha amwambie inatosha, kisha huuvuta na kuushusha kwa mkono. Kibua, aliyezoea kukimbilia chochote kidogo kinachometameta, huurukia unyoya. Na kwa kuwa vibua huenda kwa makundi, mmoja akinaswa wenzake hufuata, na si ajabu ndoana zote sita kupanda zikiwa zimejaa. Watu 12 wakijaza ndoana zao sita mara 3 tu, wamekwisha kupata samaki 216.

Hapo ndipo fikra hupotoka. Mgeni atarudi kwao akisimulia kwamba bahari ile imefurika samaki, naye atakuwa amesema aliyoyaona. Lakini ameona nini hasa? Na tufanye hesabu ya mfano. Tuchukue bahari yenye makundi 100, kila kundi likiwa na samaki 10,000. Jumla ni samaki 1,000,000. Makundi hayo yakipungua yakawa 20, jumla itashuka hadi samaki 200,000. Lakini kundi moja moja litakuwa na samaki 10,000 vile vile. Nahodha anayeyajua maji yake, tena mwenye chombo cha kutambua samaki kwa mwangwi, atatafuta mpaka alipate kundi, na mgeni akishafika juu ya kundi hilo atajaza ndoana zake kama zilivyojaa miaka iliyopita. Ndoana imepima kundi, haikupima bahari.

Kwa sababu hiyo wataalamu hawaitegemei ndoana peke yake. Tangu mwaka 1977, kila baada ya miaka mitatu, meli za utafiti za nchi kadhaa huchota mayai ya kibua katika maji ya magharibi mwa Ulaya. Yai moja lina kipenyo cha zaidi kidogo ya milimita moja, nalo huelea. Wakijua ni mayai mangapi yametagwa katika msimu, na jike mmoja hutaga mangapi, wataalamu hukadiria uzito wa vibua wazazi waliomo baharini. Matokeo hayo huunganishwa na vipimo vingine na kufikishwa katika Baraza la Kimataifa la Utafiti wa Bahari, lililoanzishwa mwaka 1902 na lenye makao yake Copenhagen. Mwaka 2025 Baraza hilo lilishauri kwamba uvuvi wa kibua wa mwaka 2026 katika Atlantiki ya kaskazini-mashariki uwe chini kwa asilimia 70 ukilinganishwa na kiwango lilichokuwa limekishauri kwa mwaka 2025. Hiyo si habari ya bahari iliyofurika.

Nahodha wa Cornwall anaweza kutujibu hapa, na jibu lake lina haki ndani yake. Atasema kwamba si mshipi wake uliolipunguza kundi. Katika miaka ya 1960 ni meli zenye nyavu kubwa za kuzingira zilizowavua vibua wa Bahari ya Kaskazini kupita kiasi, hata wakakaribia kwisha, na mpaka leo wazazi wa upande huo hawajarudia wingi wao wa zamani. Katika miaka ya 1970 meli kubwa za kukokota nyavu zikaja Cornwall kwenyewe, na mwaka 1981 ikabidi litengwe eneo maalumu la bahari ili kuwalinda vibua wachanga, huku wavuvi wa mshipi wakiruhusiwa kuendelea. Mwaka 2014 vibua waliovuliwa katika Atlantiki ya kaskazini-mashariki walizidi tani milioni moja. Nchi zenye kugawana samaki huyo zikakaa miaka mingi bila kukubaliana, kila moja ikijipangia fungu lake, na mafungu yalipojumlishwa yakawa makubwa kuliko ushauri wa wataalamu. Mbele ya hayo yote, ndoo ya mgeni ni kitu gani?

Ni kweli kwamba ndoo hiyo ni ndogo, na mwandishi yeyote anayeilinganisha na meli kubwa anakosa uadilifu. Hata hivyo, kosa la mwenye nyavu si ruhusa ya mwenye mshipi. Kwanza, mwananchi wa kawaida hataingia kamwe katika meli kubwa. Atakachokijua juu ya samaki wa baharini amekipata katika mashua ile. Akifundishwa huko kwamba kuvua ni kujaza mpaka muda uishe, ataondoka na fundisho hilo, na siku nyingine atawezaje kuelewa kwa nini serikali inawapunguzia wavuvi mafungu yao? Pili, mwenye kudai wengine wahesabu yampasa awe na hesabu yake mkononi.

Wako wanaosema kwamba dawa ni kuwarudisha majini samaki waliozidi. Kwa samaki wengine dawa hiyo yaweza kufaa, bali kwa kibua ni dhaifu. Ngozi yake ni laini na magamba yake ni madogo mno. Akishikwa kwa mkono mkavu au akigaragara sakafuni mwa mashua, ngozi hiyo huchubuka. Tumekwisha kuona kwamba hupumua kwa kuogelea, basi kila dakika anayokaa nje ya maji anakosa pumzi. Aweza kurushwa baharini akaondoka mbio mbele ya macho ya watu, kisha akafa baadaye mahali ambapo hakuna amwonaye. Kumrudisha kibua majini, basi, si lazima iwe ni kumwokoa. Njia ya kumwokoa ni kutomvua.

Wala kumchukua nyumbani kwa wingi si faida. Nyama ya kibua ina mafuta mengi na huharibika upesi. Waingereza walilijua jambo hili zamani, kwani mwishoni mwa karne ya 17 sheria iliruhusu kibua auzwe London hata siku ya Jumapili, siku iliyokuwa imekatazwa biashara. Kibua akiachwa juani, bakteria huigeuza histidini iliyomo katika nyama yake kuwa histamini, ambayo humdhuru mlaji na haiondolewi kwa kupika. Mtu aliyevua samaki 40 bila barafu hajapata chakula cha watu 40. Huenda amepata taka.

Tunapendekeza, basi, mambo manne. La kwanza, nahodha atangaze idadi ya samaki kwa kila mtu kabla ya kung'oa nanga, na idadi hiyo ifuate kile kitakacholiwa, si kile kinachoweza kuvuliwa. La pili, mishipi ya wageni iwe na ndoana mbili au tatu badala ya sita, ili idadi ifikiwe polepole na furaha ya mgeni isikatizwe mapema. La tatu, barafu iwe sehemu ya vyombo vya lazima. La nne, na hili ndilo kubwa, kila mashua iwe na daftari ambamo wageni wenyewe wataandika tarehe, kina, joto la maji, idadi na urefu wa samaki, pamoja na muda ambao mashua ilizunguka kabla ya kulipata kundi la kwanza.

Tumelisisitiza jambo la muda kwa makusudi. Tukirudi katika mfano wetu wa makundi 100 yaliyopungua yakawa 20, idadi ya samaki ndoanani haikubadilika, lakini saa za kutafuta lazima ziongezeke. Manahodha wanalijua jambo hili mioyoni mwao, kwa kuwa ndio wanaolipia mafuta. Kinachokosekana ni kuliandika. Daftari moja halitatosha kumshauri waziri yeyote, lakini madaftari ya bandari nyingi kwa miaka 10 yaweza kuwa ushahidi ambao mtaalamu ataufurahia.

Huenda ikasemwa kwamba mgeni amelipa fedha ili avue, wala hakulipa ili afundishwe. Sisi tunaamini kwamba binadamu hufurahia kujua. Mgeni aliyeonyeshwa samaki asiye na kibofu cha hewa, akapima joto la maji kwa mkono wake, na akarudi na vibua watatu wazima waliolala katika barafu, hakupunjwa. Walimu nao waweza kuutumia mfano huu darasani bila kuiona bahari ya baridi: wanafunzi na wapewe hesabu ya makundi, kisha waulizwe ni kipimo gani kingewaonya mapema. Atakayejibu kwamba ni muda wa kutafuta, atakuwa ameelewa jinsi jambo linaloonekana kuwa neema laweza kuuficha upungufu. Elimu hiyo inamhusu nahodha wa Cornwall, na inamhusu vile vile kila mtu alaye samaki ambaye hakumfuga.