Katanga iwashe tena tanuru la chuma

Mwaka 1977, huko Okuizumo katika mkoa wa Shimane, Wajapani waliwasha upya tanuru la udongo la kuyeyushia chuma kwa njia ya mababu zao. Wakati huo viwanda vyao vilikuwa vikitoa chuma cha kujengea meli na magari ya kuuza dunia nzima. Tanuru lile walilihitaji kwa ajili ya wahunzi wa panga za jadi. Nyundo zilikuwapo na mafundi walikuwapo, ila chuma chenyewe, tamahagane, kilikuwa kinakwisha. Chama cha kuhifadhi panga hizo kikaona kwamba panga zilizomo makumbusho hazitoshi. Lazima chuma kiendelee kuzaliwa.

Mimi nafundisha ufundi wa chuma katika shule moja ya hapa Lubumbashi, na tukio hilo nalisimulia kila mwaka darasani. Nalileta leo gazetini kwa sababu linatuhusu. Sisi Wakatanga tumetunza mashoka ya wazee, tukaliacha tanuru lao life.

Tazameni kazi yenyewe ilivyo. Kwa siku tatu, usiku na mchana, mafundi wa Okuizumo hulisha tanuru mchanga wa chuma na makaa, tabaka juu ya tabaka. Hutumia kama tani 10 za mchanga na tani 12 za makaa. Mkuu wao huamua kwa kutazama rangi ya moto na kusikiliza sauti yake. Mwishoni tanuru hubomolewa, likatoka bonge la tani mbili na nusu hivi, ambalo sehemu ndogo tu ndiyo tamahagane bora. Bonge huvunjwa, kila kipande kikachaguliwa kwa kutazama chembe zake, kisha vipande hugawiwa wahunzi wenye leseni. Na leseni hiyo haipatikani kabla ya miaka 5 ya kujifunza chini ya mwalimu. Mhunzi hukikunja na kukifua chuma tena na tena ili kifanane kotekote, hupaka bapa la upanga udongo, mzito mgongoni na mwembamba kwenye makali, ndipo huuchovya majini. Makali hupoa haraka yakawa magumu. Mgongo hupoa polepole ukabaki na unyumbufu.

Wahunzi wetu wa mitaa ya Kenya na Katuba, hapa Lubumbashi, wana akili hiyohiyo ya mikono. Hufua visu na majembe kutokana na springi za malori yaliyokufa. Wanafunzi wangu hufundishwa kugusisha chuma kwenye jiwe la kunolea la umeme na kusoma cheche: zikichanua matawi mengi, kuna kaboni ya kutosha kushika makali. Ni ujuzi wa kweli, lakini unaanzia katikati ya safari. Chuma kimeyeyushwa mbali, na fundi, kwa uhodari wake wote, hukisia tu kilichomo.

Haikuwa hivyo zamani. Katika makaburi ya Bonde la Upemba, wanaakiolojia walikuta fuawe la chuma na mashoka yenye mipini iliyopambwa kwa misumari, vitu vilivyozikwa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Masimulizi ya Waluba yanamhusisha Kalala Ilunga, shujaa wa ufalme wao, na ujuzi wa uhunzi, na pini za nywele zenye umbo la fuawe zilikuwa pambo la heshima. Hata shaba tunayojivunia iliyeyushwa katika matanuru ya udongo wa vichuguu, vile vichuguu vikubwa tunavyovikuta kila upande tukitoka mjini. Miaka ya 1920, mmisionari de Hemptinne, aliyekuja kuwa askofu, aliwaomba wazee walioijua kazi hiyo waionyeshe tena, akaiandika mwaka 1926. Baada ya hapo, kimya.

Nani atasema haiwezekani? Mwaka 1976, huko Buhaya nchini Tanzania, wazee waliokuwa wameacha kuyeyusha chuma kwa miongo mingi walijenga tanuru upya mbele ya watafiti Peter Schmidt na Donald Avery. Walikosea, wakarekebisha, wakapata chuma chenye kaboni. Kumbukumbu ya mikono ilikuwa bado hai kwa sababu iliulizwa mapema.

Najua pingamizi. Panga la kiwandani ni rahisi sokoni, na miti inayozunguka Lubumbashi inaangamia kwa makaa. Hili la miti ni zito, nami silipuuzi. Ndiyo maana nataka tanuru dogo, liwashwe mara moja tu kila kiangazi, kwa makaa ya miti iliyopandwa kwa kazi hiyo. Wajapani nao huwasha lao mara chache tu wakati wa baridi. Kuhusu bei, chuma hiki hakiji kushindana na panga la sokoni. Kinakuja kufundisha. Kijana atakayeona jiwe likigeuka kisu mikononi mwake ataielewa metali kuliko kwa kukariri kanuni ubaoni.

Nani afanye nini? Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi yatoe uwanja. Kitivo cha ufundi cha Chuo Kikuu chetu kipime joto, kipime kaboni, kiandike kila hatua kwa Kiswahili ili mhunzi aisome. Kampuni za migodi, zinazochota utajiri wa ardhi hii, zilipie makaa na posho za wanagenzi. Chuma kitakachotoka wapewe wahunzi wa mitaani, wafue visu, watie alama zao, wauze kwa majina yao. Na kabla ya yote hayo, watu waende vijijini Upemba na Bunkeya wawasikilize wazee waliosimuliwa kazi hii na babu zao. Serikali ya mkoa inaweza kuanza na hatua hiyo kiangazi hiki. Gharama yake ni gari, daftari na watu wanaojua kusikiliza.