Pesa ya Idi na Bunduki ya Kwanza ya Mtoto

  

Ndugu zetu katika imani, wazazi na wanafunzi, leo hatuna maneno matamu. Kila Idi inapokaribia, meza za wachuuzi mitaani kwetu hujaa bunduki. Mtoto akishapewa pesa yake ya Idi baada ya swala, hafiki hata nyumbani kula pilau. Anapita mezani kwanza, anatoka na bastola nyeusi ya plastiki na pakiti ya vipunje vyake. Hiyo ndiyo bunduki yake ya kwanza. Amenunuliwa na babake, au amejinunulia kwa pesa ya babake, na hapo sisi hatuoni tofauti. Kufika alasiri, mtaa mzima ni vita. Huyu kajificha nyuma ya gari, yule kalenga uso wa dada yake, na mkubwa aliyeketi barazani anacheka na kusema, "Acha watoto wafurahi, Idi ni mara mbili kwa mwaka."

Sisi hatucheki. Tunasema kununua kitu hiki ni kosa, na kukiuza ni kosa zaidi.

Tuanze na dini, kwa kuwa wengi wanadhani hapa dini haina neno. Mtume (S.A.W.) alikataza Muislamu kumwelekezea ndugu yake silaha, na akaeleza sababu: hujui, huenda shetani akauvuta mkono wako ukaangukia motoni. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim. Katika nyingine ya Muslim, mwenye kumwelekezea ndugu yake chuma hulaaniwa na malaika mpaka aache, hata kama ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Tazameni hapo alivyotajwa ndugu wa tumbo moja. Nani atamwelekezea ndugu yake wa tumbo moja silaha kwa nia ya kuua? Wanavyuoni wamefahamu kuwa makatazo yanaingia hata penye mzaha. Na aliyepita na mishale msikitini au sokoni aliamrishwa aishike upande wa ncha isije ikamchoma mtu, na upanga uliochomolewa alani umekatazwa kupokezanwa mkono kwa mkono. Yaani adabu ya silaha tulifundishwa karne nyingi kabla baruti haijafika kwetu. Leo mtoto wetu wa miaka saba anafundishwa kinyume chake: elekeza, lenga uso, fyatua, cheka.

Tena siku yenyewe ni Idi! Imam Bukhari, katika mlango wa Idi mbili, ameweka fungu zima la kuchukiza kubeba silaha siku ya Idi na ndani ya Haram. Humo amepokea kisa cha Abdullah bin Umar, radhi za Allah ziwe juu yake na babake. Alichomwa na ncha ya mkuki kwenye unyayo pale Mina. Hajjaj alipokuja kumjulia hali na kusema laiti tungemjua aliyekujeruhi, Ibn Umar alimjibu kuwa ni wewe. Akashangaa, vipi? Akamweleza kuwa amebeba silaha siku ambayo haikuwa ikibebwa, na ameingiza silaha Haram. Hajjaj hakuushika mkuki ule kwa mkono wake. Yeye ndiye aliyeruhusu silaha ziwepo kwenye msongamano wa watu. Baba unayetoa pesa, kisome kisa hicho mara mbili.

Tunajua jibu litakalokuja, maana tumeshalisikia mlangoni mwa msikiti. Wahabeshi walicheza na mikuki msikitini siku ya Idi, Mtume (S.A.W.) akiwaangalia, na Bibi Aisha akitazama nyuma yake. Kweli kabisa, hadithi ni sahihi. Lakini wale walikuwa watu wazima, mabingwa wa chombo chao, wakifanya mazoezi yao kwa ustadi, na hakuna aliyemlenga mtazamaji machoni. Mikuki ile hakukabidhiwa mtoto akimbie nayo uchochoroni. Anayetaka kuifuata hadithi hiyo amfundishe mwanawe kulenga shabaha kwa upinde, mbele ya mtu mzima, uwanja ukiwa mtupu. Sisi tutakuwa wa kwanza kuja kutazama. Wala hatuchukii michezo. Bibi Aisha alikuwa na wanasesere wake, na hata farasi mwenye mabawa ya vitambaa, na Mtume (S.A.W.) alicheka alipomwona farasi huyo.

Wengine husema, "Mbona sisi tulicheza na bunduki za mgomba?" Tulicheza, ndiyo. Bua la jani la mgomba, unalichanja ndimi kadhaa, unazisimamisha, unazipiga kwa kiganja zinalia pa-pa-pa. Lilikuwa halitoi kitu, halifanani na kitu, na jioni linaliwa na mbuzi. Hiki cha leo kina mtutu, kitako na rangi ya chuma, na kinatema kipunje kwa kasi ya kupasua jicho. Kipunje kikigonga jicho, damu huvuja ndani sehemu ya mbele, na mtoto anaweza kubaki na presha ya jicho au mtoto wa jicho miaka mingi baadaye, wakati plastiki yenyewe imekwisha kutupwa jalalani siku ya Idi pili.

Anayedhani tunatisha watu bure aangalie Afghanistan. Idi el-Fitri ya mwaka 2015, watu wasiopungua 184, karibu wote watoto, waliumia macho kwa bunduki hizi hizi za vipunje. Katika sikukuu moja tu! Serikali ya wakati huo ikazipiga marufuku. Iraq nayo ilitunga sheria mwaka 2013 ya kuzuia vitu vya kuchezea vinavyochochea ukatili. Hizo ni nchi mbili za Waislamu zilizoijua bunduki ya kweli kuliko wengi wetu, nazo ndizo zilizochoka kuiona mikononi mwa watoto. Huko Marekani, mjini Cleveland, tarehe 22 Novemba 2014, mtoto wa miaka 12 aitwaye Tamir Rice alikuwa bustanini na bastola ya bandia ambayo alama yake ya rangi ya chungwa ilikuwa imeondolewa. Polisi walifika wakampiga risasi ndani ya sekunde chache, akafa siku ya pili. Aliyepiga simu alikuwa amesema huenda bastola si ya kweli, lakini maneno hayo hayakuwafikia polisi wale. Sasa jiulize, askari wa doria jioni, kwenye mtaa wenye giza, ataanza kuuliza kama ni plastiki?

Na sisi tunaishi wapi? Hapa Burundi vita vilianza Oktoba 1993 alipouawa Rais Ndadaye, na kundi la mwisho lenye nguvu, FNL, likaweka silaha chini mwaka 2009. Wakazi wa Bwiza na Buyenzi wanaikumbuka Machi 1995, hawahitaji kusimuliwa. Utafiti uliotolewa mwaka 2007 ulikadiria kuwa kaya kama 100,000 nchini zilikuwa bado na silaha, na guruneti ni miongoni mwa zilizoenea zaidi. Ilitoka sheria ya silaha ndogo Agosti 2009, na watu wakarudisha silaha wakapewa vitu vya matumizi, lakini hakuna mwenye akili atakayesema zimekwisha. Zipo darini, zipo chini ya mihogo, zipo kwa jirani aliyekufa bila kuwaambia wanawe. Milio ya mwaka 2015 ilitukumbusha.

Hapa ndipo hoja yetu kubwa ilipo, na tunaomba hata wasiotupenda wasome mpaka mwisho. Mtoto wa nchi kama yetu anatakiwa ajue jambo moja tu kuhusu umbo lile: akiliona, asiguse, arudi nyuma, amwite mtu mzima. Basi. Elimu hiyo haihitaji kitabu. Lakini tunaivunja wenyewe kila Idi, kwa sababu mkono uliozoea bastola ya mezani utaikamata na ile ya darini kwa furaha ile ile. Ataipeleka kwa rafiki yake, atamwelekezea, atafyatua, kama alivyofanya siku zote na kuchekewa. Nani kamfundisha?

Kuna baba hujibu kuwa dunia imeharibika, kijana lazima awe shujaa. Subhanallah! Ushujaa gani wa kuwatisha bibi zetu wanaotoka msikitini? Masahaba walipomfanyia mwenzao aliyelala mzaha akazinduka kwa hofu, Mtume (S.A.W.) aliwaambia si halali kwa Muislamu kumtisha Muislamu. Nao walicheza na kamba tu, kwa hadithi ya Abu Daud. Isitoshe, majambazi wengi wamekamatwa katika miji ya Afrika Mashariki wakiwa na bastola za bandia, na waliwapora watu nazo. Kitu ambacho jambazi anakiona kinafaa kwa kazi yake, wewe unakiona kinafaa kwa mwanao?

Neno kwa wafanyabiashara, ambao wengi ni ndugu zetu wa safu ya kwanza. Mnafunga duka adhana ikilia, Allah awalipe. Mnakataa kuuza pombe ingawa ina faida, Allah awalipe tena. Basi mmelipataje jibu jepesi kwa hili? "Nisipouza mimi atauza mwingine" hamlikubali kwenye pombe. Mipira inauzika, kamba za kuruka, vishada, wanasesere, rangi za kuchorea, baiskeli kwa mwenye uwezo.

Akina mama, aliyekwisha kuletewa zawadi hiyo na mjomba asiogope lawama. Mwondoleeni mtoto vipunje usiku huo huo, na asubuhi mbadilishieni kwa mpira, mkimweleza kwa upole. Atalia saa moja. Walimu wa madrasa tunawaomba darsa moja tu ya Ramadhani iwe ya hadithi za silaha tulizozitaja, na watoto wafundishwe la kufanya wakikuta kitu cha chuma wasichokijua shambani au darini. Wanafunzi wa sekondari, nyinyi ndio wadogo zenu wanaowaiga. Na kamati za misikiti zizungumze na wachuuzi mapema, mwezi wa Shaabani, kwa sababu mzigo wa Idi huagizwa wakati huo. Wakingojea kumi la mwisho, bunduki zitakuwa zimekwisha kupangwa mezani.