Kituo cha wazee hakichaguliwi kwa uzuri wa lango

KWA miaka mingi, Wakenya waliamini kuwa mzee hana makao mengine ila kwa wanawe. Kumkabidhi mzazi kwa wageni kulihesabiwa kuwa kumtupa, na aliyethubutu kufanya hivyo alihofia laana.

Imani hiyo sasa inagongana na hali halisi. Sensa ya mwaka wa 2019 ilionyesha kuwa takriban watu milioni 2.7 nchini walikuwa wametimiza umri wa miaka 60 na zaidi. Wana wa wengi wao wanasaka riziki mijini au ng'ambo. Mzee akipatwa na kiharusi au akivunjika nyonga, hospitali humruhusu kuondoka angali hawezi kusimama wala kujilisha. Nyumbani anayemsubiri, mara nyingi, ni mfanyakazi wa nyumbani ambaye hajawahi kufunzwa jinsi ya kumgeuza mgonjwa kitandani.

Hapo ndipo jamaa huanza kutafuta kituo, tena kwa haraka. Haraka hiyo ndiyo chanzo cha makosa mengi.

Kosa la kwanza ni kudhani kuwa vituo vyote ni sawa. Yapo makao ya hisani, mfano wa Nyumba ya Wazee mtaani Kasarani, Nairobi, inayosimamiwa na watawa wa Little Sisters of the Poor, ambayo huwahifadhi wazee maskini. Vipo pia vituo vya kulipia vya uguzi na urekebishaji, ambavyo kazi yake ni kumrejeshea mgonjwa uwezo wa kutembea, kula na kuzungumza. Aliyepooza hahitaji kitanda na mlo pekee. Miezi ya mwanzo baada ya kiharusi ndiyo yenye matumaini makubwa zaidi ya kupata nafuu, na ikipita bila mazoezi, hasara yake ni vigumu kuifidia.

Kosa la pili ni kuridhishwa na bustani na sakafu inayong'aa. Mnamo Novemba 2023, uchunguzi wa shirika la habari la BBC ulifichua dhuluma dhidi ya wazee katika makao mamoja ya kaunti ya Kiambu. Ufichuzi huo uliwashangaza wengi, kwa sababu maovu ya aina hiyo hayatendeki mbele ya wageni walioalikwa.

Kwa hivyo, jamaa hawana budi kuwa wakaguzi. Wazuru kituo bila kutoa taarifa, tena jioni au wikendi, wakati wahudumu ni wachache. Waulize ni wauguzi wangapi hukesha usiku, na waombe kuona leseni za kituo, za wauguzi na za wataalamu wa tiba ya viungo. Waulize mgonjwa asiyejiweza hugeuzwa mara ngapi, kwani kwa kawaida inapasa kuwa kila baada ya saa mbili hivi, la sivyo hupata vidonda vya malazi. Watazame wazee wanavyolishwa, kwa kuwa aliyepatwa na kiharusi huweza kupaliwa chakula kikaingia mapafuni. Mwenye macho haambiwi tazama.

Suala la fedha nalo halikwepeki. Mpango wa Inua Jamii ulianzishiwa wazee wa miaka 70 na zaidi mnamo 2018 kwa Sh2,000 kwa mwezi, kiasi kisichotosha kumlipia mgonjwa kituo cha aina hii. Ni muhimu basi kituo kieleze kwa maandishi ada yake inagharimia nini: dawa, nepi, mazoezi ya viungo na usafiri wa dharura. Familia nyingi hugundua baadaye kwamba walilipia malazi tu.

Hata hivyo, si haki mzigo wote uachiwe familia. Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinampa mzee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na ya kupata matunzo kutoka kwa familia yake na kwa Serikali. Mswada wa kuwatunza na kuwalinda wazee uliowasilishwa katika Seneti mnamo 2018 haukufikia kuwa sheria. Hoteli hukaguliwa na maafisa wa afya. Kituo kinachowalaza watu wasioweza hata kupiga mayowe kinastahili ukaguzi mkali zaidi, na matokeo yake yatangazwe ili kila familia iyasome kabla ya kulipa.

Zaidi ya yote, mzee mwenyewe aulizwe. Kupooza mguu hakumwondolei mtu hiari yake. Anayepelekwa akijua ni kwa muda gani, na nani atamtembelea siku gani, huenda kutibiwa. Anayepelekwa kwa hila huamini ametupwa, na pengine huwa hajakosea.