Magita mawili yasigombane

Mpunga ukishauzwa, bendi huja Ifakara, na sisi mafundi mitambo hupata kazi. Tatizo ni lile lile: wa solo anapandisha sauti, wa rithimu naye anapandisha, mwishowe mwimbaji hasikiki. Nikimwongezea maikrofoni, spika zinapiga mluzi.

Chanzo kikubwa ni amplifaya kuwekwa sakafuni. Sauti kali ya gita huenda moja kwa moja: inampita mpigaji magotini, inawachoma masikio wacheza dansi wa mbele. Amplifaya ipandishwe kwenye kiti, imwelekee mpigaji, atapunguza mwenyewe. Kisha wa rithimu apunguze besi ya gita lake, kwani mpiga besi yupo.

Mkoa wetu wa Morogoro ndio uliomlea Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz, aliyefariki mwaka 1979. Sikiliza rekodi zake: solo linang'ara, rithimu inasikika chini yake, na maneno hayapotei. Yeye na wenzake walikuwa wanasikilizana!

Wenye kumbi, nawaomba: wapeni wanamuziki saa nzima ya kupima sauti kabla hamjaanza kukata tiketi. Wateja wenu wamelipa kusikia wimbo wote.