Njia ya Faili na Hesabu za Wagonjwa

Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo ilipofika Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, iliikuta njia imegawanyika: moja ikielekea Ujiji, nyingine ikipanda kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Aliyetaka kwenda Ujiji hakuhitaji tena kuelezwa habari za Bagamoyo. Alihitaji kuelekezwa kuanzia pale alipo. Watumishi wa afya tunaochambua takwimu kwa Stata au R tunaisahau tofauti hiyo kila tunapoieleza kompyuta mahali faili lilipo.

Namna ya kwanza ni kuandika njia nzima kuanzia diski: "C:/Users/Daktari/Desktop/TB/takwimu.csv". Ya pili huanzia ndani ya folda ya kazi yenyewe: "data/takwimu.csv". Kwa maoni yangu, hii ya pili ndiyo iwe kawaida yetu. Mchambuzi wa Nzega akimtumia mwenzake wa Tabora mjini folda yake, maagizo yataendeshwa bila kubadilishwa neno. Kwa njia nzima yatakwama, maana kompyuta ya Tabora haimjui huyo "Daktari".

Kukwama kwenyewe hakuna madhara makubwa, kwani programu hutangaza kosa. Hatari ipo pale isipokwama. Mtu hunakili folda ya mwaka jana, huibadilisha jina, huweka ndani yake takwimu mpya za kifua kikuu, kumbe maagizo bado yanataja njia nzima ya folda ya zamani. Programu hufungua faili la zamani kimyakimya, na jedwali hutoka safi kabisa. Wilaya huenda ikaagiza dawa kwa idadi ya wagonjwa wa mwaka uliopita, na anayekosa dozi yake hatajua kwamba chanzo ni mstari mmoja wa maandishi.

Njia nzima nayo ina mahali pake. Taarifa zenye majina ya wagonjwa hazifai kusafiri ndani ya folda inayotumwa huku na huko, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatudai uangalifu huo. Zibaki kwenye seva ya hospitali, na njia ya kuzifikia iandikwe mara moja tu, juu kabisa ya maagizo, ili kila mtu aione na kuibadilisha.

(Watumiaji wa Windows watumie mkwaju unaoelemea kulia. Ule wa kushoto, R huusoma kuwa mwanzo wa alama maalumu, na wengi wamepoteza asubuhi nzima kwa ajili yake.)

Katika Stata, amri moja ya cd mwanzoni yatosha. Katika R, kifurushi cha here huitafuta chenyewe folda kuu ya mradi. Kabla ripoti haijatoka, maagizo yaendeshwe kwenye kompyuta ya mtu mwingine, na jedwali la kwanza lioneshe idadi ya wagonjwa pamoja na tarehe aliyoandikishwa wa mwisho.