Barabara ya Minago: Kompyuta yaweza kuonya, nani atazuia malori?

Mvua za Machi na Aprili zinapoanza kupiga milima iliyo juu ya Minago, wafanyabiashara wa Rumonge huwa na hesabu mbili kichwani: bei ya bidhaa Bujumbura, na iwapo barabara itapitika.

Barabara hiyo, RN3, inaunganisha Bujumbura na Rumonge, Nyanza-Lac na mpaka wa Tanzania kuelekea Manyovu na Kigoma. Ndiyo njia ya mawese, dagaa na mikeke. Upande mmoja kuna Ziwa Tanganyika, upande wa pili mlima, na sehemu nyingi hakuna pa kuchepukia.

Machi 2015 maporomoko ya udongo na mawe yalipiga Gitaza, kaskazini ya Minago. Watu walikufa, nyumba zikabomoka na RN3 ikafungwa. Barabara ikifungwa hivyo, mwenye mzigo huzunguka milimani kupitia Bururi, au hutafuta chombo cha majini. Njia zote mbili huongeza gharama, na samaki hawasubiri.

Suala hili lilipata uzito zaidi Novemba 2018, pale Benki ya Maendeleo ya Afrika ilipoidhinisha dola za Marekani zipatazo milioni 322 kwa mradi wa pamoja wa Burundi na Tanzania: kilomita 45 kati ya Rumonge na Gitaza, na kilomita 260 kati ya Kabingo, Kasulu na Manyovu. Minago imo ndani ya zile kilomita 45. Kiuchumi, barabara bora huvuta magari mengi zaidi, kwa hiyo hasara ya kila siku inayofungwa nayo hupanda.

Je, maporomoko yanaweza kutabirika? Kwa kiasi fulani, ndiyo. Mengi ya yale yanayoletwa na mvua ni ya tabaka la juu la udongo, lenye kina cha mita moja au mbili hivi. Maji hupenya, shinikizo lake hupanda kati ya chembe za udongo, na udongo hupoteza mshiko. Programu kama TRIGRS, iliyotolewa mwaka 2002 na Idara ya Jiolojia ya Marekani, hugawa mlima katika vipande vidogo. Kwa kila kipande hulinganisha nguvu inayoushikilia udongo na ile inayouvuta chini. Jibu likishuka chini ya moja, kipande hicho kinahesabiwa kuwa kitaporomoka.

Tatizo ni takwimu za kuilisha. Mwinuko wa mlima unapatikana kwa setilaiti bila malipo. Lakini kina cha udongo, uimara wake na kasi ya maji kupenya lazima vipimwe papo hapo. Mvua nayo ni kikwazo. Vipimo vya setilaiti vinavyotumiwa na mfumo wa tahadhari wa NASA, uitwao LHASA, huchukua eneo la takriban kilomita 10 kwa 10. Kwa Minago, mraba mmoja wa namna hiyo unaweza kubeba ziwa, barabara na mlima kwa pamoja, ilhali mvua ya mlimani si ile ya ufukweni.

Kosa lingine ni kudhani kuwa ramani inatosha. Mwaka 2007 watafiti walichapisha matokeo ya modeli ya kompyuta kuhusu maporomoko kwenye miteremko ya Mlima Elgon upande wa Uganda, ikiwemo Bududa. Tarehe 1 Machi 2010 mlima uliporomoka Nametsi, Bududa, na kuua mamia ya watu. Ramani huonyesha ni wapi pana hatari. Haisemi ni usiku upi, wala haina uwezo wa kumhamisha mtu.

Kwa RN3, pengo hilo linaweza kupunguzwa kwa fedha kidogo zikilinganishwa na za lami. Vinahitajika vipimo vya mvua juu ya vijiji vya milimani, orodha ya kila poromoko na saa lilipotokea, na kiwango cha mvua kilichokubaliwa ambacho kikifikiwa magari husimamishwa Rumonge na Gitaza hadi kupambazuke.

Bila shaka kutakuwa na tahadhari za bure. Lori litalala Rumonge na mlima hautaanguka. Zikizidi, madereva watazipuuza, ndiyo maana kiwango hicho lazima kirekebishwe kila msimu. Hata hivyo, hasara ya usiku mmoja ni ndogo mbele ya lori lililofukiwa pamoja na dereva na utingo wake.

Linalobaki ni mamlaka. Kompyuta ikishatoa hesabu saa nane za usiku, lazima awepo mtu mmoja anayejulikana, mwenye simu na idhini ya kufunga kizuizi, bila kusubiri ofisi zifunguliwe asubuhi. Na vijiji vilivyo chini ya mlima vipate simu hiyo hiyo, kwani lori laweza kusimamishwa Rumonge, lakini nyumba haina pa kwenda.